SOMO LA KUMI NA SABA: NENO "LIMONCELLO", UMBO LAKE NA MAANA YAKE

(Maneno ya somo hili yamepigwa chapa kama yalivyosemwa redioni, ili yawafae wale waliokosa kusikiliza, na viongozi wa vikundi vya kujisomea.)

Ninyi mlio katika vikundi, mwambieni mmoja wenu aandike neno la leo ubaoni kwa herufi kubwa: L-I-M-O-N-C-E-L-L-O. Nawe usomaye peke yako nyumbani, liandike katika daftari lako, uache mistari mitano chini yake, kwa maana tutarudi kuijaza.

Neno hili ni la Kiitaliano. Watu wa Malindi, Watamu na Unguja pengine wamekwisha kuliona, kwa kuwa Waitaliano wengi hufika pande hizo. Karibu na Malindi, pale Ngomeni, Waitaliano walijenga kituo cha kurushia setilaiti katika miaka ya 1960, na tangu siku hizo wengi wao wamekuja kutembea na wengine kukaa. Ninyi wa bara huenda hamjalisikia neno hili kamwe. Hata hivyo sikilizeni, kwa maana njia tutakayoitumia leo kulipima neno moja geni yafaa kwa kila neno geni litakalokuja mlangoni pako.

Sababu ya kulichagua ni barua. Kijana mmoja, ambaye jina lake nalihifadhi, ametuandikia kutoka pwani. Kazi yake ni kuandaa meza katika hoteli ya wageni. Asema ya kwamba siku moja mgeni wa Kiitaliano, alipokuwa akifunga mizigo arudi kwao, alimpa zawadi ya chupa ndogo yenye maji ya manjano, baridi sana, na juu yake picha ya malimau mawili na majani yake. Kijana akauliza, "Hii ni nini, bwana?" Mgeni akajibu neno moja tu, "Limoncello." Kijana akasikia "limon", akatosheka. Alipofika nyumbani akaenda moja kwa moja kwa bibi yake, akamwamkia shikamoo, akamwambia, "Bibi, nimekuletea maji ya limau ya Ulaya." Ilikuwa saa nane mchana na jua lilikuwa kali. Bibi akasema, "Ahsante, mjukuu wangu," akanywa nusu bilauri kwa pumzi moja, kwa kuwa ilikuwa tamu na baridi.

Bibi huyo hakupata kugusa kileo maisha yake yote. Alipoinuka kwenda kutawadha kwa sala ya alasiri, miguu ilimkataa. Ndipo mama wa kijana alipoinusa chupa na kufahamu. Bibi hakumgombeza mjukuu wake, lakini alilia, na tangu siku ile hapokei kitu mkononi mwake bila kukinusa kwanza. Kijana amalizia barua yake hivi: "Mwalimu, mimi sikumdanganya. Nilimwambia nilichokisikia katika neno. Je, kosa ni langu au ni la neno? Na ningalijuaje?"

Tusimcheke kijana huyu. Kila mmoja wetu amekwisha kulishika neno kwa kichwa chake akauacha mkia. Basi leo tutamjibu, nasi tutajibu maswali yake mawili kwa mpango. Tutaanza na matamko ya neno, kisha umbo lake, kisha ukoo wake, kisha kitu chenyewe, na mwisho matumizi yake.

Matamko

Katika Kiitaliano herufi c ikifuatwa na e au i hutamkwa kama ch yetu. Ikifuatwa na a, o au u, hutamkwa kama k. Kwa hiyo mkia wa neno hili hausomwi "selo" wala "kelo", husomwa "chelo". L mbili zilizofuatana humtaka msemaji aivute sauti hiyo kidogo kuliko l moja.

Mkazo wa sauti huangukia silabi ya pili kutoka mwisho: li-mon-CHEL-lo. Hapa msemaji wa Kiswahili ana bahati, kwa maana ndivyo tufanyavyo katika lugha yetu: ki-TA-bu, m-wa-LI-mu, ma-li-MA-u. Tukitaka kuliandika kwa desturi ya Kiswahili tutaandika limonchelo, nalo litakaa katika ngeli moja na chai na bia: limonchelo hii, limonchelo ya baridi. Lakini kwenye chupa utaliona kwa herufi za Kiitaliano, kwa hiyo lijueni kwa sura zote mbili.

Andikeni katika mstari wa kwanza: "Husomwa limonchelo."

Umbo

Sasa tulipasue neno vipande viwili. Kipande cha kwanza ni limone, maana yake limau. Kipande cha pili ni -cello. Hiki si neno linalojitegemea. Ni mkia wa kupunguza, unaolifanya jina la kitu kuwa dogo.

Sisi nasi tuna jambo hilo, ila twaliweka kichwani mwa neno. Twasema mlima, tena twasema kilima. Twasema mtoto, tena kitoto. Waitaliano huliweka mkiani. Mlima kwao ni monte, na kilima ni monticello. Upepo ni vento, na kiupepo ni venticello. Mnyoo ni verme, na vijinyoo ni vermicelli, ndilo jina walilolipa aina ya tambi nyembamba. Mtu wa pwani alaye tambi za sukari siku ya Idi hafikirii minyoo, wala Mwitaliano alaye vermicelli hafikirii. Lakini neno ukilipasua utaiona ndani.

Mfano mmoja zaidi, kwa wapenzi wa muziki. Kiko chombo cha nyuzi kinachofanana na fidla za taarabu, lakini ni kikubwa zaidi, na mpigaji hukiweka katikati ya magoti. Jina lake la Kiitaliano ni violoncello. Violone ni chombo kikubwa cha jamii hiyo, na violoncello ni kile kilicho kidogo kuliko violone. Waingereza waliliona jina ni refu, wakalikata kichwa, wakabaki na mkia tu, wakakiita "cello". Basi yeye asemaye "cello" hasemi jina la chombo, asema "kidogo". Hivyo limoncello na chombo hicho cha muziki hawana undugu wowote, ila wameshikana mikia.

Udogo huu una maana mbili. Kwetu, ki- mara nyingi hupunguza hadhi: ukimwita mtu "kijitu" umemtukana. Kwa Waitaliano mkia wa kupunguza mara nyingi ni wa mapenzi, kama mtu amwitavyo mtoto kwa jina la kudekeza. Kwa hiyo limoncello kwa umbo lake ni "kilimau", na ndani yake mna sauti ya kukipenda kitu hicho.

Andikeni katika mstari wa pili: "Kwa umbo: kilimau." Lakini wekeni alama ya kuuliza mbele yake. Kijana wetu alifika hapa, akasimama. Sisi tuendelee.

Ukoo

Neno limone halikuzaliwa Italia, wala mti wenyewe haukuzaliwa huko. Malimau yalitoka Asia. Waarabu ndio walioyaeneza sana katika nchi zizungukazo Bahari ya Kati, pamoja na kisiwa cha Sisilia walichokitawala zamani, na jina likasafiri pamoja na mche. Waajemi walisema limu, Waarabu wakasema laimun, Waitaliano wakapata limone, Wareno limão, Waingereza lemon. Na limau letu ni wa ukoo huo huo.

Mwaona basi kwa nini kijana alitosheka upesi. Kichwa cha neno kilikuwa cha ndugu yake. Neno la kigeni lisilofanana na letu humfanya mtu aulize. Lile linalofanana na letu humfanya aseme, "Aa, nalijua hili." Hapo ndipo pa kuangalia sana.

Jambo moja dogo kwa wapishi. Kiswahili chatofautisha ndimu na limau: ndimu ni dogo, la mviringo, lenye ganda jembamba la kijani, limau ni kubwa zaidi, na likiiva huwa la manjano. Limone ya Waitaliano ni limau, si ndimu.

Kitu chenyewe

Haya, tutoke katika neno twende kwenye kitu. Limoncello ni kileo. Tena ni kileo kikali kilichotiwa sukari nyingi. Waitaliano huziita pombe kali tamu za jamii hii kwa jina la liquore.

Nchi yake hasa ni mkoa wa Campania, kusini mwa Italia, katika pwani iliyo karibu na mji wa Napoli. Huko kuna rasi ya Sorrento, kisiwa cha Capri, na pwani ya Amalfi ambako milima hushuka wima mpaka baharini. Watu wa huko wamejenga kuta za mawe juu ya miteremko, ngazi juu ya ngazi, na katika kila ngazi wamepanda milimau. Juu ya miti husimamisha vichanja vya nguzo za mbao, na wakati wa baridi huvifunika kwa mikeka ya majani au kwa nyavu ili matunda yasipigwe na upepo na mvua ya mawe. Malimau ya Amalfi ni marefu, yamechongoka kama pia ya kusokotea uzi, na kwa sababu hiyo huitwa sfusato, kutokana na neno fuso, yaani pia hiyo. Ganda lake ni nene na lina harufu nyingi.

Na ganda ndilo jambo kubwa. Sikilizeni namna kinywaji hiki kitengenezwavyo. Watu huyaosha malimau yasiyopigwa dawa, kisha humenya ganda la juu tu, ile sehemu ya manjano. Ule utando mweupe ulio chini yake huuacha, kwa maana una uchungu. Maganda hutiwa katika chupa ya mdomo mpana pamoja na spiriti safi ya kunyweka yenye nguvu ya asilimia 95 au karibu na hapo. Chupa hufungwa, ikawekwa gizani kwa siku kadhaa au majuma kadhaa. Spiriti huyavuta mafuta yenye harufu yaliyo katika ganda, nayo hugeuka rangi kuwa manjano. Maganda yenyewe hubaki meupe na makavu, kama yaliyonyonywa. Halafu hupikwa shira ya maji na sukari, huachwa ipoe kabisa, huchanganywa na ile spiriti, huchujwa, na kutiwa katika chupa. Shira ikikutana na spiriti, kinywaji huingia ukungu, kwa kuwa mafuta ya ganda hayapatani na maji.

Je, umesikia wapi maji ya limau katika maelezo hayo? Hukuyasikia, kwa maana hayamo. Maji ya tunda hayatiwi, na ndiyo sababu limoncello haina ukali wa ndimu mdomoni. Ina harufu ya limau bila uchachu wa limau. Kwa hiyo maneno aliyomwambia bibi yake, "maji ya limau", yalikosea mara mbili: si maji ya kunywa, wala si ya tunda.

Kiswahili kina vitenzi vitatu vitusaidiavyo hapa. Kuchachusha ni kuacha kitu kichachuke chenyewe, kama pombe ya mtama au mvinyo wa zabibu. Kukeneka ni kuchemsha kilichochachuka na kuutega mvuke wake, kama wafanyavyo wapikao gongo na chang'aa. Kuloweka ni kutia kitu ndani ya kioevu ili kitoe ladha yake. Spiriti ilichachushwa na kukenekwa mahali pengine kabla ya kufika jikoni. Limoncello yenyewe huzaliwa kwa kuloweka. Si mvinyo, wala si bia.

Andikeni katika mstari wa tatu: "Kwa kitu: kileo kikali kitamu, kilicholowekwa maganda ya limau."

Nguvu yake

Sasa tufanye hesabu kidogo. Tuseme mtu ametia lita 1 ya spiriti ya asilimia 95. Ndani yake mna mililita 950 za kileo kitupu. Akiongeza shira ya lita 2, atapata jumla ya lita 3 hivi, yaani mililita 3,000. Gawanyeni 950 kwa 3,000 mtapata karibu asilimia 32. Limoncello nyingi ziuzwazo huwa kati ya asilimia 25 na 32. Bia ya kawaida ni kama asilimia 5.

Turudi kwa bibi. Nusu bilauri, tuseme ni mililita 120. Kwa nguvu ya asilimia 30, ndani yake mlikuwa na mililita 36 za kileo kitupu. Chupa ya bia ya mililita 500 ina mililita 25. Basi bibi mzee, ambaye hakupata kuonja kileo, alikunywa kwa pumzi moja kiasi cha karibu chupa moja na nusu ya bia. Na chupa nzima ya nusu lita aliyoletewa ilikuwa sawasawa na bia sita.

Kwa nini hakusikia ukali? Sukari huufunika ukali, na baridi huufunika zaidi. Hata Waitaliano wenyewe hawainywi kwa bilauri. Huiweka katika friza mpaka chupa ifanye umande, na kwa kuwa ina kileo kingi haigandi kama maji. Huinywa baada ya chakula, kwa kigilasi kidogo cha kiasi cha mililita 30 hivi, tena kwa kuonja polepole. Husema yasaidia kusaga chakula. Hayo ni mazoea yao. Sisi twaeleza tu, hatumshauri mtu.

Na hapa nina onyo la kweli. Pengine wako watakaosikia maelezo haya wakasema, "Malimau ninayo, sukari ninayo, spiriti nitanunua dukani." Ndugu yangu, spiriti ya kusafishia rangi au ya kuwashia moto huweza kuwa na methanoli, nayo ni sumu. Hupofusha macho na kuua, wala hakuna harufu ya limau itakayoiondoa. Mwezi wa Mei 2014 watu wengi walikufa na wengine kupofuka katika sehemu kadhaa za Kenya kwa kunywa pombe yenye methanoli. Jina tamu halisafishi kilichomo.

Matumizi ya neno

Sasa tuangalie neno hili linavyotumika.

Kwanza, huitaja aina ya kinywaji, si mahali kilipotoka. Watu wa Capri, wa Sorrento na wa Amalfi wote husema kilianza kwao, na kila upande una hadithi yake: huyu asimulia habari za bibi mwenye nyumba ya wageni, yule za watawa. Mwaka 1988 jina la biashara lenye neno hili liliandikishwa huko Capri, na katika miaka iliyofuata kinywaji kikaenea duniani. Lakini neno lenyewe halikufungiwa. Mtu wa nchi nyingine aweza kutengeneza kileo cha maganda ya limau akakiita limoncello. Sheria ya Umoja wa Ulaya huyalinda majina mengine marefu, kama vile "Liquore di limone di Sorrento" na "Liquore di limone della Costa d'Amalfi". Majina hayo hayatumiki ila kwa kinywaji cha mahali hapo. Malimau yenyewe nayo yalipewa ulinzi wa jina: ya Sorrento mwaka 2000, na ya Amalfi mwaka 2001.

Pili, neno hubadilika kwa mahali. Katika Liguria na sehemu nyingine za kaskazini mwa Italia, kinywaji cha namna hiyo hiyo huitwa limoncino. Mkia umebadilika kutoka -cello kuwa -cino, lakini nao ni mkia wa kupunguza. Basi ukiona limoncino usidhani ni kitu kingine.

Tatu, mkia umezaa watoto. Kwa sababu ya sifa ya limoncello, watu wameunda majina kama arancello, kileo cha maganda ya machungwa, kutokana na arancia, yaani chungwa. Na meloncello, cha tikiti. Hapo mkia umeanza kufanya kazi mpya. Zamani ulisema "kidogo". Katika majina haya wasema "kileo kitamu cha tunda fulani". Hivyo ndivyo lugha ziendavyo. Kipande cha neno hukaa na jirani yake mpaka kikachukua tabia yake.

Nne, neno hili huingia katika vyakula, na hili ni la kuangaliwa na wote waandaao meza. Chukueni mstari wa nne, mwandike maneno haya manne, kila moja na maana yake:

Limone ni limau, yaani tunda.
Succo di limone ni maji ya limau yaliyokamuliwa.
Limonata ni sharubati ya limau, isiyo na kileo.
Limoncello ni kileo.

Katika orodha ya vyakula, "al limone" maana yake ni kitu kilichotiwa ladha ya limau. "Al limoncello" maana yake ni kilichotiwa kileo hicho. Keki iliyolowekwa limoncello baada ya kutoka jikoni ina kileo kile kile kilichomiminwa, kwa kuwa moto haukukigusa. Herufi tano tu, c-e-l-l-o, ndizo zinazotofautisha kitu ambacho kila mtu aweza kula na kitu ambacho mgeni Mwislamu, au mama mjamzito, au mtoto, au mtu aliyeacha pombe kwa taabu nyingi, hapaswi kupewa bila kuambiwa.

Alama za kwenye chupa

Kijana aliuliza, "Ningalijuaje?" Jibu ni kwamba ziko alama tatu, nazo huandikwa hata kama huijui lugha.

Alama ya kwanza ni tarakimu yenye alama ya asilimia, na mbele yake herufi "vol". Ukiona "30% vol" jua kwamba katika kila mililita 100 mna mililita 30 za kileo kitupu. Alama hii husomeka katika chupa za nchi nyingi sana. Sharubati haina.

Alama ya pili ni neno liquore au neno la Kiingereza la jamii yake. Kwa sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2019, kileo cha jamii hiyo hakipungui asilimia 15, na kwa kawaida kina sukari ya gramu 100 au zaidi katika kila lita. Jina hilo hutoa ahadi mbili: ukali na utamu.

Alama ya tatu haiko kwenye karatasi ya chupa. Ni pua yako. Fungua, nusa, ndipo umpe mtu. Bibi ameifahamu alama hii kwa njia ngumu.

Andikeni katika mstari wa tano: "Tazama asilimia. Tazama jamii. Nusa."

Jibu la barua

Sasa, kijana wetu, nakuja kwako. Uliuliza kosa ni la nani.

Neno halikukudanganya. Kwa Mwitaliano aliyekupa, lilikuwa limetimia. Hakuna mtu wa kwao asiyejua limoncello ni nini, kama vile hakuna mtu wa pwani anayehitaji kuelezwa tende ni nini. Yeye hakufikiri kwamba neno lile lingefika mikononi mwako likiwa nusu. Nawe ulisikia kichwa cha neno, ukaona picha ya malimau, ukaijaza nusu iliyobaki kwa kukisia. Kukisia si dhambi. Sote hukisia kila siku, tusingaliweza kuzungumza bila hivyo. Kosa lako lilikuwa moja tu: ulimpa bibi kisio lako kama habari. Ungalimwambia, "Bibi, nimepewa kitu hiki, nadhani ni maji ya limau," yeye mwenyewe angalinusa kwanza.

Habari ya sala yake na yale aliyoyanywa bila kujua, hayo si ya darasa hili. Aulizwe yule aijuaye dini yake. Sisi ni walimu wa maneno. Lakini neno moja nakupa. Nenda kwa bibi, mwamkie, kaa chini, umweleze mambo haya kama tulivyoyaeleza: jina la kitu kile, maana yake kwa umbo, na maana yake kwa kitu. Atakapojua ya kwamba hata jina lenyewe lina limau ndani yake, tena limau dogo la kudekezwa, huenda akaona jinsi ulivyopotea. Mtu akikosewa hutaka kujua kosa liliingia kwa mlango gani. Na ukimletea kitu siku nyingine, kinuse mbele ya macho yake kabla hajakinusa yeye.

Nanyi wote, wasikilizaji na wasomaji, hili ndilo la kushika katika somo la leo. Neno lina maana katika umbo lake, na lina maana katika matumizi yake. Mara nyingine maana hizo mbili hukaa pamoja, kama kilima na monticello. Mara nyingine huachana njiani, kama vijinyoo na tambi, kama kilimau na kileo. Kulipasua neno ni kuzuri, nami nawahimiza mlipasue. Lakini ukisha kulipasua, usiishie hapo. Muulize anayelitumia: kitu hiki hutengenezwaje, na hufanya nini mwilini mwa mtu?

Maswali ya kujadiliana katika vikundi

1. Someni kwa sauti: limoncello, monticello, vermicelli. Mkazo uko wapi?
2. Toeni maneno matatu ya Kiswahili yanayoanza kwa ki- ya udogo. Je, lipo katika hayo ambalo siku hizi halina tena maana ya udogo?
3. Mgeni akuuliza kama keki "al limone" ina kileo. Utamjibuje? Na kama ni "al limoncello"?
4. Chupa ya nusu lita imeandikwa "28% vol". Mna mililita ngapi za kileo kitupu ndani yake? Ni sawa na chupa ngapi za bia ya mililita 500 yenye asilimia 5?
5. Kila mmoja aeleze neno moja la kigeni alilopata kulielewa kwa kichwa chake tu. Lilimfikisha wapi?

Majibu ya swali la nne tutayasoma mwanzoni mwa somo lijalo. Viongozi wa vikundi, msiwape wanafunzi wenu jibu kabla hawajatoa jasho kidogo. Kwaherini mpaka juma lijalo.